Mdogo wangu anasikia sauti, nyumbani pesa hakuna: tuanzie wapi?

Swali

Mimi ni dada wa watoto wanne, tunaishi kijijini mkoani Singida. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Huu ni mwezi wa nne halali, anazungumza peke yake, na chakula anakikataa akidai jirani ametia kitu. Mama amempeleka kwa mganga mara mbili. Zimekwenda mbuzi wawili na Sh 180,000. Baba anasema afungwe kamba kabla hajamdhuru mtu. Wapo waliosema tumpeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mama akalia, akasema mtu akishaingia kule jina la kichaa halimtoki, nami nimeshaposwa. Tunalima alizeti, pesa tunaishika msimu wa mavuno tu. Nauli ya kwenda hospitali ya wilaya na kurudi ni Sh 8,000 kwa mtu mmoja. Tuanzie wapi?

Jibu

Dada, pole kwa kuuguza. Miezi minne ya kuishi na mtu asiyelala inachosha nyumba nzima.

Nianze na pesa, maana ndiyo itakayoamua mengine yote. Katika ugonjwa wa namna hii, familia nyingi hazishindwi na bei ya dawa. Zinashindwa kwa sababu fedha yote huishia mwanzoni, kwenye mbuzi, gari la kukodi na safari moja kubwa. Mwezi wa tatu mgonjwa ametulia, nauli hakuna, dawa inakatizwa, ugonjwa unarudi. Kwa hiyo usipange safari ya kwanza peke yake. Panga namna ya kufika kliniki mwezi hadi mwezi kwa mwaka mzima.

Hesabu yenu ni hii: watu wawili, yeye na msindikizaji, ni Sh 16,000 za nauli. Weka Sh 4,000 za kula njiani, jumla Sh 20,000 kwa safari. Zile Sh 180,000 zilizokwenda kwa mganga zingelipia safari 9, mbuzi hujawagusa. Siandiki haya kumlaumu mama. Alimtafutia mwanawe msaada pale alipoujua upo. Nayaandika ili mkikaa kikao cha familia mjue kwamba kiasi mnachohitaji mmewahi kukipata. Kinachotakiwa ni kukigawa.

Anaumwa nini

Kwa maelezo yako, mdogo wako ana dalili za saikosisi. Ubongo unamletea sauti ambazo ninyi hamzisikii, na unampa uhakika wa mambo yasiyokuwepo, kama hilo la chakula. Kwake si uongo wala si jeuri. Anaisikia sauti ile kama anavyokusikia wewe ukimwita. Saikosisi ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na nyuma yake panaweza kuwa na vitu vingi: skizofrenia (ugonjwa wa akili wa muda mrefu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), ugonjwa wa bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), bhangi, kifafa, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo. Umri wake ndio hasa ambao skizofrenia na bipola huanza kujitokeza. Ndiyo maana hatibiwi kwa kukisia, na ndiyo maana mhudumu makini siku ya kwanza anaweza kuandika "saikosisi" tu, bila kumpachika jina la ugonjwa mkubwa. Akifanya hivyo msidhani hajui kazi. Ugonjwa wenyewe hujulikana vizuri baada ya kumfuatilia kwa muda.

Kuna hali ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Akiwa na homa, shingo imekaza, amepata degedege, ameumia kichwa, au anachanganyikiwa asijue yuko wapi na ni saa ngapi, hiyo inaweza kuwa malaria kali au maambukizi kwenye ubongo, na mnakwenda kituo chochote kilicho karibu saa hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo akiacha kula na kunywa kabisa, akisema anataka kufa, au akisema sauti zinamwamuru amdhuru mtu. Na kumuuliza mtu "je, umefikia kutaka kujiua?" hakumpandikizii wazo hilo. Muulize waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili tu.

Mlango wenu ni hospitali ya wilaya

Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilianza miaka ya 1920, na kwa muda mrefu watu walifikishwa huko wakiwa wamechelewa, wengine wamefungwa kamba. Wakirudi nyumbani, majirani waliwaona wanatembea kwa kukakamaa na mate yanawatoka, kumbe hayo yalikuwa madhara ya dawa za zamani kwa dozi kubwa. Kijiji kikahesabu kwamba Mirembe ndiyo iliyowafanya hivyo. Wengine wanaichanganya na Isanga, ambayo ni sehemu ya wale wanaopelekwa kwa amri ya mahakama. Mirembe ya leo ina kliniki ya wagonjwa wa nje; mtu anaonwa, anapewa dawa, anarudi kwao. Lakini hata hivyo si pa kuanzia. Kwenda moja kwa moja bila rufaa kunakula nauli, bima nyingi hazilipi mtu aliyeruka ngazi, na mwezi unaofuata mtashindwa kurudi.

Anzeni karibu. Kila halmashauri inapaswa kuwa na mratibu wa afya ya akili, mara nyingi muuguzi au tabibu aliyesomea fani hiyo, na kliniki yake huwa na siku maalumu. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza safari ya kwanza: wanafika Jumanne, kliniki ni Alhamisi, wanaambiwa warudi. Kabla ya kupanda gari, nenda zahanati ya kijiji bila mgonjwa, uulize mambo mawili: mratibu wa afya ya akili wa wilaya yuko kituo gani, na kliniki yake ni siku gani. Mwombe mhudumu apige simu mbele yako, kisha aandike barua ya rufaa. Akikosekana wa kukujibu, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, haina malipo. Huenda ukakuta kituo cha afya kilicho karibu zaidi ya hospitali ya wilaya kina mtu aliyefunzwa.

Daftari la kurasa mbili

Mgonjwa akifika mbele ya daktari anaweza kunyamaza kimya au akajibu vizuri kuliko wewe, na dakika alizonazo daktari ni chache. Kitu kitakachowasaidia kuliko maelezo ya papo kwa papo ni daftari. Kuanzia leo andika kila siku: amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini, kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike "alikuwa mkorofi". Andika hivi: "Jumatatu. Alilala saa 2. Aliamka saa 8 usiku akakaa mlangoni. Alikataa ugali, akasema una unga wa mfupa. Alikula yai alilomenya mwenyewe." Mistari minne kama hiyo inamwonyesha mtaalamu usingizi, hofu, na kwamba bado kuna chakula anachokiamini. (Na hapo umepata njia ya kumlisha: mayai ya kuchemsha, ndizi, machungwa, karanga za maganda, vitu anavyovimenya mwenyewe.)

Ukurasa wa kwanza uandike historia. Dalili zilianza lini na zilianzaje, ghafla au polepole. Anavuta bhangi? Anakunywa pombe, ya dukani au gongo? Amewahi kuanguka kifafa au kugonga kichwa? Kuna ndugu upande wa baba au mama aliyewahi kuugua hivi? Mganga alimpa nini anywe, ajifukize au apakwe? Hili la mwisho watu huona haya kulisema, wakati ni muhimu, kwa sababu dawa nyingine za miti zinalewesha na zinapandisha usingizi wa dawa za hospitali. Kama ana mzio wa dawa yoyote, iandike kwa kalamu nyekundu.

Kumfikisha bila kumdanganya

Usimwambie mnakwenda sokoni. Ukimdanganya siku ya kwanza utafika kliniki, ila umepoteza kitu kikubwa: atakapoletewa kidonge nyumbani atakumbuka kwamba dada naye yumo kwenye njama. Wala usibishane naye kuhusu jirani. Ukimwambia "hakuna kitu kwenye chakula" anakuona umeungana nao. Ukikubali "kweli ametia" umeupalilia ugonjwa. Shika kile anachokilalamikia mwenyewe. Karibu wote hulalamikia kukosa usingizi, kichwa au uchovu. Mwambie: "Naona wiki hii hulali, na mimi ningekuwa hivyo ningechoka. Nataka twende hospitali tupate dawa ya usingizi. Nitakaa na wewe muda wote." Hayo yote ni kweli.

Asindikizwe na mtu anayemwamini, si yule anayegombana naye. Kama baba ndiye anayetaka kamba, baba abaki nyumbani siku hiyo, naye ana kazi kubwa ya kufanya: kuondoa panga, shoka, mchi, jembe, na hasa viuatilifu vya shambani na sumu ya panya, akavihifadhi kwa ndugu, si chumba cha pili. Nyumba za wakulima huwa na sumu chini ya kitanda, na mtu mwenye saikosisi hahitaji muda mrefu kuifikia.

Kuhusu kamba, mweleze baba hivi: kamba inaleta vidonda, vidonda vinaleta pepopunda, na mtu anayeamini kwamba watu wanataka kumuua akifungwa na babake anapata ushahidi. Baada ya hapo kila mkono unaomkaribia atapambana nao. Wengi wenye ugonjwa huu hawapigi mtu. Wanaopiga mara nyingi wamebanwa kwenye kona. Akipandisha hasira, watu wapungue chumbani, abaki mmoja anayezungumza kwa sauti ya chini, mlango uwe wazi, asizibiwe njia. Ikishindikana kabisa, na hatari ni ya kweli, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji na polisi wasaidie kumfikisha hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inao utaratibu wa kumlaza mtu asiyekubali, na unapitia kwa wataalamu wa afya. Semeni tangu mwanzo "ni mgonjwa, tunampeleka hospitali", ili asiishie mahabusu.

Siku ya kliniki

Ale kwanza nyumbani. Mbebe daftari, barua ya rufaa, kitambulisho au barua ya mtendaji wa kijiji, kadi ya bima kama mnayo, maji, na kanga ya kukalia maana mnaweza kusubiri mpaka mchana. Mapokezi usitamke hali yake kwa sauti mbele ya foleni. Onyesha barua tu.

Tarajieni kupimwa malaria, sukari, VVU na kaswende. Msiviruke ili kuokoa pesa. Kaswende hutibika kwa penisilini, na mtu anaweza kumeza dawa za akili miaka mingi huku chanzo hakijaguswa. Usiondoke chumbani kabla hujajibiwa haya: dawa hii inaitwaje, anameza saa ngapi na ngapi kwa siku, madhara gani nitayaona wiki ya kwanza, nikiyaona nifanye nini, na turudi tarehe gani. Majibu yaandike kwenye lilelile daftari.

Dawa: hapa ndipo pa kukaza macho

Katika vituo vya serikali mara nyingi utasikia haloperidoli, klorpromazini, risperidoni au olanzapini. Kwa kijana anayeanza, dozi huwa ndogo: haloperidoli miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, risperidoni miligramu 1, olanzapini 2.5 hadi 5, kisha hupandishwa polepole kadiri anavyoendelea. Nakutajia viwango hivi uvitambue kwenye cheti, si ujipangie. Ukiona anaanzishiwa dozi kubwa mara nyingi ya hizo na hakuna aliyekueleza sababu, uliza kwa adabu.

Usingizi hurudi ndani ya siku chache, hasira na hofu hupungua wiki ya kwanza au ya pili. Sauti ndizo za mwisho kuondoka, huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, na huondoka kwa kufifia. Mgonjwa atakwambia "bado wapo, ila wanaongea mbali". Hayo ni maendeleo mazuri sana, msibadilishe dawa wiki ya pili kwa kudhani haifanyi kazi.

Sasa sikiliza vizuri hili la madhara, kwa kuwa ndilo linalovunja matibabu katika siku tano za kwanza. Vijana wa kiume wa umri wa mdogo wako, wakipewa haloperidoli, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya misuli kukaza ghafla. Shingo inajipinda upande mmoja, taya linafunga, ulimi unatoka nje, au macho yanapanda juu na kukwama huko, mtu anaona dari tu. Anaogopa, na nyumba nzima inaogopa. Hapo ndipo jirani anaposema "mapepo yamekataa dawa ya kizungu", vidonge vinatupwa chooni na safari ya mganga inaanza upya. Hayo ni madhara ya dawa, yanajulikana, na huondoka haraka akipewa dawa yake, mara nyingi benzheksoli ya vidonge, au sindano ya dawa nyingine kituoni. Mpelekeni kituo chochote cha afya, na dawa anazomeza mkononi. Bora zaidi, siku ya kwanza uulize: "Shingo ikijipinda tutumie nini? Tunaweza kuondoka na vidonge vyake?" Benzheksoli yenyewe isimezwe kwa mazoea, maana inalevya, na vijana wa mitaani huitafuta, ifunge ndani.

Madhara mengine huja taratibu. Miguu kutotulia, anatembeatembea, akikaa anasimama: hiyo si kichaa kuzidi, mara nyingi ni dozi kuwa juu, na inatesa kiasi cha kumfanya mtu aache dawa. Kutetemeka na kutembea kwa kukakamaa, mwambieni mhudumu apunguze au abadilishe. Klorpromazini inafanya ngozi iungue na jua, kwa hiyo akienda shamba avae kofia na mikono mirefu, na asiinuke kitandani kwa ghafla, kizunguzungu kitamwangusha. Olanzapini inaongeza hamu ya kula na unene, na sukari ipimwe mara kwa mara. Jambo la kusimamisha dawa papo hapo na kukimbilia hospitali: homa kali, mwili umekakamaa wote kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Hutokea kwa nadra, ila huua.

Kama anaficha vidonge chini ya ulimi au hamna wa kumsimamia wakati wa kulima, ulizieni sindano ya flufenazini, ile wanayoiita sindano ya mwezi. Huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ina faida nyingine kwenu: hakuna pakiti za vidonge dirishani kwa wageni kuziona. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia mwilini haitoki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kwanza ajaribu vidonge tuone mwili unapokeaje.

Atakapopona, na wengi hupata nafuu kubwa, mtasema wote kwa sauti moja "sasa dawa za nini?" Dawa inaendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha, si baada ya kuanza dawa. Kisha hupunguzwa taratibu chini ya mtaalamu. Wanaokatiza ghafla mwezi wa tatu ndio wanaorudi wakiwa wabaya zaidi, na kila anaporudi, kupona kunachukua muda mrefu kuliko mara iliyopita. Bhangi nayo inarudisha ugonjwa hata kama dawa anameza. Mwambieni mhudumu bila kuogopa, hatamwita polisi.

Pesa, kituo kwa kituo

Kabla ya kulipa chochote hospitalini, ulizia ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii. Mwongozo wa uchangiaji wa huduma za afya umeweka magonjwa ya akili ya muda mrefu kwenye makundi ya msamaha, na upo pia msamaha wa wasio na uwezo. Usitarajie mtu akufuate kukueleza, uombe mwenyewe. Kinachowakwamisha wengi ni kufika mikono mitupu. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kaya yenu ina watu wangapi, inaishi kwa nini, na haina uwezo wa kulipia. Kama mko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, itajwe humo. Barua ikikosa tarehe au mhuri, mtarudishwa. Na msamaha uombwe kabla ya huduma. Ukishalipa, fedha hairudi.

CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa bima ya afya ya jamii, ilikuwa ikitozwa Sh 30,000 kwa kaya ya hadi watu 6 kwa mwaka katika mikoa mingi. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na utaratibu unabadilika, ulizia kiwango cha sasa kwa mtendaji. Kwa wakulima ushauri wangu ni mmoja: bima inunuliwe wiki mnayouza alizeti, kabla fedha haijaingia kwenye mambo mengine. Wiki hiyohiyo tengeni nauli ya miezi ijayo, mkaiweke kwenye simu ya mtu asiyeikopa. Kama ni gunia moja limetengwa kwa kliniki, litajwe mbele ya wote kwamba ni la kliniki.

Dawa itakosekana dirishani siku moja, jiandaeni kwa hilo. Omba cheti chenye jina halisi la dawa, si jina la kampuni, maana dawa ileile ya kampuni nyingine inaweza kuwa na bei ndogo mara kadhaa. Nunua famasi, maduka ya dawa muhimu ya vijijini hayaruhusiwi kuuza nyingi za hizi. Fedha ikiwa haitoshi mwezi mzima, nunua kwanza dozi kamili ya wiki mbili badala ya kumpa nusu dozi mwezi mzima. Nusu dozi huenda isitoshe kuuzuia ugonjwa. Na akishatulia, baada ya miezi mitatu au minne, omba dawa za miezi miwili kwa safari moja, na omba mahudhurio yahamishiwe kituo cha afya cha karibu. Safari 12 zinakuwa 6, na msindikizaji anaweza asihitajike.

Mama, mganga na dua

Msigombane na mama. Maombi, dua, ruqya, viendelee kama vinampa moyo. Hakuna mhudumu mwenye busara atakayewakataza. Mkubaliane tu kwamba dawa haikatizwi kwa ajili ya maombi hayo, na kwamba yeyote anayemwombea hatamfunga, hatamchapa, hatamnyima chakula kwa kisingizio cha mfungo, wala kumfukiza chumba kilichofungwa. Mganga akisema "acha kwanza vidonge ili dawa yangu ifanye kazi", hapo mmeshapata jibu la kumwacha. Mara nyingi mama hugeuka mwenyewe asubuhi anapomkuta mwanawe amelala saa 7 mfululizo.

Jina, na posa yako

Huwezi kukizuia kijiji kusema, lakini unaweza kuchagua wanalolisikia kwanza. Kubalianeni sentensi moja nyumbani na wote muitumie: "Anaumwa, anatibiwa, ana kliniki kila mwezi." Ndivyo tunavyosema kwa mwenye presha au kisukari na hakuna anayeuliza zaidi. Anayebana, mjibu "daktari anaendelea naye". Maneno kama chizi, mwehu, amerukwa na akili, yakomeshwe kwanza ndani ya nyumba, hasa kwa wadogo zenu, kwa sababu yeye anasikia. Wanaohitaji kujua zaidi ni wachache: mtendaji kwa ajili ya barua, jirani mmoja wa kuitwa usiku, na mwenye bodaboda mnayemwamini.

Kuhusu ndoa, watu wanasema "ukoo wenye kichaa" bila kuhesabu. Hata daktari akija kuthibitisha ni skizofrenia, ambayo huwapata takriban mtu 1 kati ya 100, kwa ndugu wa tumbo moja uwezekano ni takriban 9 kati ya 100. Maana yake 91 hawaupati. Kumwambia mchumba au kutomwambia, na lini, ni uamuzi wako. Nionavyo mimi, ni heri asikie kwako, mdogo wako akiwa tayari kwenye dawa, kuliko asikie kisimani kwamba mnamficha mtu chumba cha nyuma.

Na wewe uwe na zamu ya kulala. Gawaneni usiku na kaka au mama, nusu kwa nusu, mpaka usingizi wake urudi. Daftari liendelee hata akipona, ila kwa mstari mmoja tu: saa alizolala. Ugonjwa unaporudi huanzia hapo. Akilala chini ya saa 4 kwa usiku mitatu mfululizo, msisubiri tarehe ya kadi. Pandeni gari kesho yake, na mbebe vidonge vilivyobaki ili mhudumu avihesabu.